Kibali cha Kumzika Pingapinga

Kisa hiki si cha zamani wala si cha mbali, lakini tukubaliane tangu sasa kwamba ni cha zamani na ni cha mbali, ili mimi na wewe tuendelee kulala majumbani mwetu. Kilitokea katika kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, ukishavipita visiwa vyote unavyovijua. Jina la kisiwa sina ruhusa ya kulitaja, nami ni mtu wa kufuata ruhusa.

Kisiwa hicho kilikuwa na demokrasia nzuri mno, na Serikali yake iliupenda upinzani kwa dhati ya moyo. Ndiyo maana iliutunza upinzani wa mtu mmoja tu, kwani wangekuwa wawili wangeweza kugombana. Mtu huyo aliitwa Mheshimiwa Cuthbert Labadie, Kiongozi Rasmi wa Upinzani, mzee wa miaka sitini na minane, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mwalimu wa jiografia, kazi aliyoifanya kabla siasa hazijamharibia maisha. Wananchi walimwita Pingapinga, na walimpenda sana, kwa sauti ya chini.

Serikali ilimpa gari jeusi zuri lisilo na usukani. Ilimpa ofisi yenye simu, na nambari yoyote aliyopiga ilipokewa na polisi, tena kwa adabu. Ilimpa na kipaza sauti chake bungeni, ila bahati mbaya kila aliposimama kilikuwa kimepelekwa matengenezo. Akiomba kibali cha mkutano wa hadhara, kibali kilitoka bila kinyongo, na muhuri wake, na sahihi yake, na tarehe ya juzi. Mara mbili alifungwa kwa kosa la kusema kwa nia ya kusikika, na mara zote mbili alikwenda gerezani kwa miguu yake, mswaki mfukoni, maana gari la magereza lilikuwa bovu.

"Sijavunja sheria hata moja," alipenda kusema, kidole juu. "Hawa nitawashinda kwa sheria zao wenyewe."

Wapiga kura wake wa Kaskazini, watu elfu saba, walilishika neno hilo kama sala. Kila nyumba huko ilikuwa na bahasha ya vibali: kibali cha kufuga mbuzi, kibali cha kuanika nguo upande wa barabara, kibali cha kukohoa msafara unapopita. Miaka thelathini ikaenda hivyo, na Mheshimiwa alikuwa bado hajasikika nje ya sebule yake.

Kisha mlima ukaanza.

*

Mlima wenyewe uliitwa Mlima Bibi, nao ulikuwa huko Kaskazini, juu ya kijiji cha Gran Fon alikozaliwa Labadie. Ulikuwa umelala zaidi ya miaka mia. Mwezi wa Februari, msimu wa meli za watalii ukiwa umekolea, ukaanza kutoa moshi. Visima vikachemka. Kuku wakaacha kutaga. Nyoka wakashuka barabarani mchana kweupe, baba, mama na watoto, wakaelekea baharini bila kumwangalia mtu.

Mtaalamu wa Serikali aliyekuwa akiupima mlima, Bwana Fitzroy, aliandika ripoti ya kurasa mbili akasema utalipuka kabla mwezi haujaisha. Kesho yake akapandishwa cheo kuwa Mlinzi Mkuu wa Mnara wa Taa kwenye mwamba usio na mtu, na chombo chake cha kupimia kikafungiwa kabatini kwa kosa la kueneza hofu. Jioni hiyo Waziri Mkuu akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnachokiona si moshi. Ni ukungu wa maendeleo. Bibi yetu anavuta kiko chake kwa amani, na amani hiyo ameipata chini ya uongozi huu. Atakayeonekana anakimbia atahesabiwa kuwa anaikimbia nchi, na hatua zitachukuliwa dhidi ya miguu yake."

Lakini Bwana Fitzroy, kabla hajapelekwa kwenye mwamba wake, alikuwa ameipitisha nakala ya ripoti chini ya mlango wa Labadie. Mzee aliisoma, akairudia, akaketi kitandani. Aliogopa, tuseme kweli. Kufungwa alishakuzoea, ila aliwaogopea wale elfu saba, na zaidi ya wote Shangazi Filomena, dada ya marehemu baba yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Alikuwa na miaka themanini na tisa na bado aliishi Gran Fon peke yake na mbuzi wake.

Akaenda kwa miguu Redio ya Taifa kuomba dakika tano za kuwaambia watu wahame.

Mkurugenzi wa redio alimkaribisha vizuri, akampa na kahawa. "Mheshimiwa, dakika zetu zina wenyewe," akasema. "Asubuhi ni za Waziri Mkuu. Jioni ni za kriketi. Saa sita mchana ni za marehemu. Wewe uko kundi gani?"

Hapo nikueleze kidogo, maana kila nchi na mila yake. Kisiwani humo ikifika saa sita mchana kila kitu husimama, redio isome vifo. Mchuuzi huacha kupima, daktari huacha kushona, mwizi huweka chini alichobeba. Na mtu mkubwa akifa, huwa ameacha Neno la Marehemu, nalo husomwa kanisani siku ya maziko na kurushwa hewani lote. Halikatwi. Halipingwi. Mila hiyo ni ya mabibi zao, na Serikali, kwa kuwa inaheshimu mila, iliitia katika Sheria ya Maziko ya Heshima, kifungu cha tatu.

Labadie aliijua sheria hiyo kwa moyo kama alivyozijua nyingine zote. Akasimama kwenye ngazi za Redio ya Taifa, kofia mkononi, akaona njia. Kufa kufaana, walisema wahenga, ila sidhani kama walimfikiria yeye.

*

"Nimekuja kufa," alimwambia Waziri wa Itifaki na Maombolezo.

Waziri huyo alikuwa mama mnene, mpole, aitwaye Bi Hortense. Hakushtuka hata kidogo. Alivuta mtoto wa meza akatoa faili ambalo jalada lake lilikuwa limefifia kwa ukongwe.

"Karibu sana, Mheshimiwa. Tulikuwa tunakungoja tu." Akalifungua. "Urefu, mita moja na sentimita themanini na tisa. Mabega, hamsini. Hebu simama. Mh, umepungua. Si neno, tutajazia pamba."

"Nani alinipima?"

"Fundi wako wa suti. Mzalendo sana yule."

"Bi Waziri, sitaki kufa hasa. Nataka kufa rasmi. Neno langu lisomwe, basi."

"Naelewa. Kuna kufa kwa fomu na kuna kufa kwa kawaida." Alikuwa akimimina chai huku anasema. "Wenzako wengi huchelewa kuchagua, mpaka inabidi tuwachagulie. Wewe siku zote umekuwa mtu wa utaratibu. Sukari?"

Wakapatana hapo hapo. Ijumaa redio ingetangaza kifo, Jumamosi asubuhi yangekuwa maziko, na saa kumi jioni ya siku hiyo marehemu angepanda meli ya ndizi, aondoke asirudi tena.

"Na Neno langu halitakatwa?"

"Hata nukta. Waziri Mkuu atalisoma mwenyewe, ana sauti nzuri ya msiba." Bi Hortense aligeuka dirishani. Upande wa Kaskazini moshi ulikuwa umekuwa mweusi. Akavuta pazia. "Msimu ni mzuri mwaka huu," akasema. "Meli kumi na nne."

Fomu ya kufa ilikuwa na maswali arobaini. Labadie aliyajibu yote, kwa wino, kwa herufi kubwa, kichwa chake kikiwa mlimani. Jina la baba. Jina la mama. Magonjwa. Madeni. Swali la thelathini na tatu: mahali kitovu chako kilipozikwa. Akaandika Gran Fon, kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuacha wazi sehemu ya fomu.

Bi Hortense alilisoma jibu hilo mara mbili, akalipigia mstari mwekundu. "Safi sana," akasema.

*

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mheshimiwa Cuthbert Labadie, maarufu kwa jina la Pingapinga," redio ilisema Ijumaa saa sita. "Ameacha shangazi, Bibi Filomena wa Gran Fon, wapiga kura elfu saba, kesi tatu ambazo hazijasikilizwa, na wengine wengi ambao muda hauturuhusu kuwataja."

Lahaula! Kisiwa kizima kilipiga yowe. Kaskazini watu walifunga nyumba, wakaomba kibali cha pamoja cha kwenda msibani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi kibali kikatoka siku ile ile kikiwa na tarehe ya kweli. Wakashuka wote, wazee na watoto, wakavuka Daraja la Malkia linaloitenga Kaskazini na mji, na mbuzi wao wakiwa nyuma yao maana hakukuwa na wa kuwaachia. Alfajiri ya Jumamosi hakukuwa na mtu hata mmoja chini ya Mlima Bibi.

Labadie aliwaona kwa macho yake. Walikuwa wamemficha kanisani, katika chumba kidogo nyuma ya kinanda, na ukutani kulikuwa na tundu. Aliwaona wamejaa mpaka uwanjani. Alimwona Shangazi Filomena mstari wa mbele, kavaa kofia nyeusi ya kuazima. Elfu saba wote wako mjini, salama, ng'ambo ya daraja! Alishika mdomo asicheke kwa furaha. Kilichobaki ni kuwaambia wasirudi, na hilo alishaliandika.

Jeneza lilikuwa mbele ya altare. Ndani walikuwa wamejaza hotuba alizozuiwa kuzitoa kwa miaka thelathini, na uzito ulitimia bila haja ya pamba.

Waziri Mkuu akapanda, akavaa miwani, akasoma Neno la Marehemu. "'Ndugu zangu. Mlima utalipuka. Serikali inajua na imewaficha. Kaeni mjini, laleni makanisani na mashuleni. Asirudi mtu Kaskazini, hata mmoja, hata kwa saa moja.'" Alisoma kila neno, hata lile la kufichwa, na machozi yalimtoka kwelikweli, maana alikuwa mtu wa huruma kwa wafu.

Kanisa liliangua kilio. "Alikuwa nabii huyu!" wakasema. "Nasi tulikuwa naye siku zote!" Mwanamume mmoja alijipiga kifua akiapa kwamba hatalala Kaskazini tena maisha yake. Nyuma ya kinanda Labadie alilia kama mtoto. Wamesikia! Miaka thelathini, na leo wamesikia, na wameamini.

Halafu akasikia bendi ya matarumbeta ikijipanga nje, na mlio wa jeneza likiinuliwa.

Bi Hortense aliingia akimletea pasi ya kusafiria. "Pole kwa msiba," akasema. "Meli yako ni saa kumi."

"Wanakwenda wapi?"

"Kukuzika."

"Wapi?"

"Swali la thelathini na tatu, Mheshimiwa. Mtu hurudishwa kilipozikwa kitovu chake. Ni mila yenu, na mwandiko ni wako."

"Lakini wamesikia! Wewe umewasikia wanalia!"

"Wamesikia, na wameamini kila neno. Watahama leo hii, wakishakuzika. Nani aliyelelewa vizuri akaiacha maiti njiani? Wewe ungeiacha?" Alimwekea pasi juu ya kinanda. "Na mjini pia wamekupenda. Nusu ya mji inakwenda nao."

"Na Waziri Mkuu?"

"Itifaki ya msafara wake inaishia darajani. Ana chai na manahodha wa meli za watalii."

"Mnawapeleka kufa!"

"Sisi?" Bi Hortense alionekana ameumia kikweli. "Serikali haijakupinga hata neno moja."

Alipotoka, mzee aliitazama pasi. Ilikuwa mpya, na picha yake ilitoka vizuri. Huko ng'ambo kungekuwa na pensheni ndogo na chumba, na hakuna ambaye angemlaumu, maana maiti hailaumiwi. Aliiacha pale pale juu ya kinanda, akatokea mlango wa nyuma.

*

Gari la mashada ya maua lilikuwa linaondoka. Alijitupa nyuma, akalala katikati ya mashada, kila utepe una jina lake. Darajani alimsikia Koplo Elroy, mlinzi wa hapo, akiteremsha kamba iliyofungwa kukata barabara na kuandika katika daftari lake: gari moja, maua. Kisha wakaanza kupanda, na hewa ikaanza kunuka kiberiti.

Aliwakuta kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya Gran Fon. Majivu yalikuwa yakianguka, laini kama unga, na akina mama walikuwa wamefungua miavuli. Bendi inapiga. Shangazi Filomena anatembea nyuma ya jeneza, viatu mkononi. Labadie akajitupa barabarani mbele yake, suti nyeupe kwa majivu, kichwa cheupe, macho mekundu.

"Loo!" Shangazi akasimama. "Roho yake imekuja kujisindikiza. Tangu mtoto alikuwa na adabu. Mpisheni marehemu!"

"Shangazi, sijafa! Rudini! Rudini mjini!"

"Mnamsikia? Hata kifo kimeshindwa kumnyamazisha!" Alicheka, machozi yakimtiririka.

Wanaume wakavua kofia. Wakampisha, elfu kwa elfu, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu mzimu ukikuita njiani hujibu, ukijibu umekwenda nao. Alimshika huyu bega, yule mkono. Wakafumba macho wakasali. Ardhi ilikuwa ikitetemeka chini ya soli, nao wakadhani ni ngoma ya bendi.

Mzee alilirukia jeneza, akashika mpini wa nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote kuelekea chini. Wabebaji wakapepesuka. Jeneza likageuka.

"Limekataa!" sauti ikapasuka. "Jeneza limekataa kwenda!"

Na kila mtu wa kisiwa kile anajua kwamba jeneza likikataa halibishiwi; linafuatwa linakotaka. Umati wote ukageuka, na bendi ikageuka, na mbuzi wakageuka. Labadie alivuta, bega likimuuma, pumzi zikimwisha, akikimbia mteremko na hotuba zake zikigongana ndani ya sanduku, na nyuma yake nchi nzima inamfuata. Alikuwa akilia na kucheka. Hajawahi kuongoza hata maandamano ya watu kumi, na leo hawa wote!

Wakafika darajani. Kamba ilikuwa imefungwa.

"Simameni!" Koplo Elroy alisema. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, na alikuwa peke yake. "Kibali chenu kilikuwa cha kushuka mara moja na kupanda mara moja. Mmeshashuka, mmeshapanda. Kimekwisha."

Umati wa maelfu ukasimama mbele ya kamba nene kama kidole.

"Elroy," Labadie akasema akihema, "nilikufundisha jiografia. Ule ni mlima gani?"

"Mlima Bibi, Mwalimu." Koplo naye alimwona kuwa mzimu, lakini mwalimu ni mwalimu.

"Unafanya nini?"

Koplo aliutazama. "Unavuta kiko, Mwalimu," akasema, na machozi yakamtoka.

Akapiga simu mjini. Ilikuwa wakati wa chai na manahodha. Ililia, ililia, haikupokewa. Akapiga tena. Kisha uso wake ukang'aa, maana hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amepata njia. "Nitawaandika," akatangaza. "Jina, kijiji, sababu ya kurudi. Mtu akishaandikwa apite, na kesho hakuna wa kumuuliza."

Watu walishusha pumzi, wakamshukuru. Wakajipanga mstari, wenye watoto mbele, wengine wakitafuta bahasha zao za vibali ndani ya nguo. Koplo akailowanisha ncha ya penseli kwa ulimi.

Hapo Labadie alivunja sheria kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliishika ile kamba kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa chake. "Piteni!" akapiga kelele. "Piteni chini! Wote! Kimbieni!"

Hakupita mtu.

"Shangazi! Nakuomba! Pita!" Alimshika mkono kumvuta, bibi akauchomoa taratibu.

"Ngoja, mwanangu," akamwambia, na alimjibu kwa sauti ya kubembeleza, akisahau kwamba mizimu haijibiwi. "Wewe umeshakufa, huna la kuogopa. Sisi tutaishi humu humu na hawa. Acha tuandikwe kwanza." Akamgeukia Koplo. "Filomena. Gran Fon. Sababu, msiba."

Koplo aliandika kwa mwandiko mzuri, wa kufundishwa. Nyuma kabisa ya mstari kulisikika ngurumo ndefu, na watu wa nyuma wakawaomba wa mbele radhi kwamba si wao wanaosukuma. Mzee alisimama pale pale na kamba yake juu, akiita majina ya watu mmoja mmoja, na kila aliyeitwa aliinamisha kichwa kwa heshima na kumwonyesha mstari.

Koplo Elroy alikuwa amefika jina la arobaini na moja giza lilipoingia. Ilikuwa saa nane mchana.